Sekunde Tisa za Mabehewa Manne

Katika mji wa Harlow Junction, jimbo la Ohio, madereva wa treni na makondakta walimwogopa mtu mmoja ambaye alikuwa hajawahi kuendesha hata toroli. Jina lake Orrin Teasdale. Alikuwa fundi saa, na watu wa reli walikuwa wamempa kazi ya kukagua saa za mfukoni za wafanyakazi wao. Kila baada ya wiki mbili walijipanga mbele ya meza yake, kofia mkononi. Saa iliyokosea zaidi ya nusu dakika kwa wiki ilibaki dukani, na mwenyewe hakupanda treni mpaka itengenezwe. Orrin hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, "Hii siwezi kuipitisha, ndugu yangu," na hapo maneno yalikwisha. Aliwahi kumzuia shemeji yake mwenyewe siku moja kabla ya Krismasi. Maudine, mkewe, alimnunia mpaka Januari.

Jumapili mchana alikuwa mtu mwingine. Baada ya kanisa na chakula alivaa koti lake la kijivu, akateremka mpaka nyumba ya mazishi ya Emil Stroud, akaimba na wenzake watatu kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa na sakafu ya mawe na mwangwi mzuri. Emil alikuwa mzika watu, na ndiye mwenye sauti ya besi. Alipenda kusema kwamba kati ya wote waliowahi kuwasikiliza pale ndani, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka akaondoka.

Walijiita Mabehewa Manne. Waliimba zile nyimbo za kinyozi, zilizoanzia kwenye maduka ya vinyozi, wanaume wanne bila kinanda wala gitaa, vichwa vimekaribiana kama watu wanaoangalia kisima. Clete Hoffer, muuza matrekta, ndiye aliyebeba wimbo wenyewe. Alikuwa na kifua kipana na tabasamu ambalo lilikuwa limekwisha kuuza matrekta kwa watu wasio na shamba. Lyle Prewitt, mwalimu wa kemia, mwembamba kama ufagio, aliimba juu ya Clete. Emil alishika chini. Orrin alikuwa baritoni, maana yake alichukua noti zilizobaki wenzake wakishachagua zao. Ungemsikiliza peke yake ungedhani mtu anatafuta kitu alichodondosha sakafuni. Lakini siku alipokuwa na homa wakajaribu watatu, Emil alisema ni kama kukalia kiti cha miguu mitatu ambacho kilitengenezwa kwa minne.

Sauti zao zilipokaa sawasawa, ilitokea nyingine juu yao, sauti ya tano ambayo hakuna kati yao aliyeiimba. Waimbaji wa kinyozi huifukuzia hiyo maisha yao yote. Mabehewa Manne walikuwa nayo karibu kila Jumapili, na mwezi Juni, mbele ya watu elfu tano, walikuwa nayo kwenye fainali ya nchi nzima. Wakatwaa ubingwa. Waliwashinda wale vijana wa Wichita, Kansas, wa akina Roscoe Dill, kwa pointi kumi na moja. Roscoe alikuwa ameshika nafasi ya pili kwa mwaka wa tatu mfululizo. Alimpa kila mmoja wao mkono, akamkazia Orrin macho kidogo, akaenda zake.

Harlow Junction ilipagawa. Clete alitundika bango la MABINGWA juu ya duka lake, kubwa kuliko jina la duka. Halmashauri ya mji ikaagiza kibao cha kusimikwa barabarani kwenye mlango wa mji. Na kampuni moja ya santuri ya Cincinnati ikawaandikia: njooni mrekodi, nyimbo kumi na mbili, pande mbili. Tarehe ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai.

Barua ile ilikuwa na ombi dogo. Kampuni ilitaka kujua kila wimbo una urefu gani, ili wapange upande wa kwanza na wa pili. Wenzake, kama ilivyo ada, wakamwachia Orrin. Nani mwingine ashike saa?

Maudine alikuwa ameazima mashine ya kunasia sauti siku ya fainali, dude zito kama cherehani, akalichomeka ukutani pembeni ya ukumbi na kunasa onyesho lote kwenye utepe. Jumanne jioni, kabla ya chakula, Orrin akaweka utepe ule mezani, akashika saa yake, akasikiliza.

Wimbo wa kwanza, ule wa kibaraza cha Nell: dakika moja na sekunde hamsini na nane. Akaandika. Wa pili, ule wa treni ya asubuhi: dakika moja na sekunde hamsini na tatu. Akaandika. Akapiga mstari chini ya namba zile mbili akazijumlisha, kwa mazoea tu, maana mtu wa kazi ile hawezi kuona namba mbili zimepangana akaziacha hivyo.

Dakika tatu, sekunde hamsini na moja.

Akakaa akiitazama karatasi. Sheria ya mashindano kila mwimbaji aliijua kama anavyojua njia ya kwao: nyimbo mbili, zisipungue dakika nne zikiunganishwa, zisizidi sita, na makofi ya katikati hayahesabiwi. Anayepungukiwa hukatwa pointi mbili kwa kila sekunde. Tisa mara mbili ni kumi na nane. Wao walishinda kwa kumi na moja.

Akarudia. Tatu hamsini na moja. Akachukua saa nyingine. Tatu hamsini na moja.

"Chakula kinapoa," Maudine alisema mlangoni.

"Nakuja."

"Umekuwa mweupe, Orrin. Nani amekufa?"

"Hakuna." Akaifunika karatasi kwa kiganja. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa alikuwa hajawahi kumfunikia karatasi.

Usiku ule alikula viazi vya kuponda bila kujua ni viazi. Alikumbuka. Mazoezini walikuwa wakitumia dakika nne na sekunde kumi na kitu. Lakini pale jukwaani Clete alionja joto la watu, akauchochea wimbo wa treni, akaukimbiza, na ule mvuto mrefu wa mwisho akaukata ungali moto. Wote wakamfuata. Ndiyo maana ulikuwa mtamu vile. Na mshika saa wa mashindano, sijui alikuwa amezama kwenye wimbo au alikibonyeza kidude chake kwa kuchelewa, aliandika dakika nne na sekunde mbili.

Alikaa na jambo lile siku tatu. Dukani alizikagua saa za watu huku akikwepa macho yao. Ijumaa Maudine alizima jiko, akavuta kiti mbele yake.

"Sasa utaniambia, au nimwite daktari?"

Akamwambia. Maudine alikunja taulo, akalikunjua.

"Kaka yangu ulimshusha kwenye treni kwa sekunde arobaini," alisema.

"Najua."

"Basi unaniuliza nini?"

"Saa ya kaka yako ilikuwa yake peke yake. Hili ni letu wanne. Siwezi kulitoa mimi kama vile la kwangu."

"Waambie wenzako, basi. Lakini Clete atakula nyama yako, mume wangu, uwe umejiandaa."

Jumapili aliibeba mashine mpaka kwa Emil. Wenzake walidhani ni mambo ya santuri. Clete alikuwa amekuja na pai ya cheri ya mkewe na alikuwa anaikata kwa kisu cha mfukoni.

"Haya, fundi! Tusikie mabingwa."

Orrin akawaomba wote watoe saa zao. Wakacheka. Akawasha utepe. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na wakati makofi ya watu elfu tano yakivuma kwenye kile chumba cha mawe, Lyle alikuwa wa kwanza kuinua uso. Mwalimu wa kemia anajua kujumlisha.

"Siyo," Lyle alisema polepole. "Orrin, siyo hivyo."

"Tatu hamsini na moja."

"Mimi nimepata hamsini na mbili," Emil alisema kwa ile sauti yake ya kaburini. "Haitusaidii."

Clete alikuwa hata hajaitazama saa yake. Alisimama na kipande cha pai mkononi. "Mna wazimu? Hiyo ni mashine ya kuazima! Imekwenda mbio, basi. Nani ataamini sanduku la Maudine kuliko mshika saa wa mashindano?"

Orrin alikuwa ameliwazia hilo tangu Jumanne. Akatoa mfukoni ile filimbi ndogo ya duara ya kupimia sauti, ambayo yeye ndiye aliyeipuliza jukwaani kabla ya kila wimbo. Akarudisha utepe mpaka mwanzo. Filimbi ikasikika kwenye mashine. Akaipuliza ile ya mkononi. Ilikuwa noti moja, sawasawa, kama kidole na pete yake.

"Ingekuwa imekwenda mbio, hii ya kwenye utepe ingekuwa juu," alisema. "Kwa kiasi kile, ungeisikia hata ukiwa mlangoni."

"Iliharakisha katikati!"

Orrin akapeleka utepe mwisho, kwenye ile noti ndefu ya kumalizia. Akapuliza tena. Ileile.

"Haya!" Clete akapiga meza, uma zikaruka. "Basi mashine ilipandisha sauti, na sisi tukashuka chini ya noti! Imekuwa hivyo. Tulishuka kidogo kidogo, hakuna aliyejua. Semeni tulishuka!"

Lyle alivua miwani akaifuta.

"Clete," alisema, "siku ile hatukushuka hata unywele. Wewe mwenyewe umekuwa ukilisema hilo mji mzima kwa wiki nne."

Clete aligeuka mwekundu kuanzia shingoni. "Na wewe?" akamwendea Orrin mpaka pumzi yake ya cheri ikamfikia usoni. "Wewe na saa zako! Umekaa miaka kumi na tano ukiimba noti za kuokoteza, ukasikia raha, sasa mara moja tu tumepata kitu maishani, mara moja, ndio ukatoe kipimo? Nani alikuuliza?"

"Kampuni iliuliza."

"Kampuni iliuliza urefu wa nyimbo! Andika chochote!"

"Nani mwingine ana utepe huu?" Emil akauliza.

"Hakuna. Ni huu mmoja."

Likawa kosa kusema vile. Mkono wa Clete ulikwenda mbele ya macho yao wote, ukang'oa gurudumu la utepe kwenye mashine, mkia wake ukiburuzika sakafuni. Emil, mtu mzito, alisimama akaziba mlango.

"Emil, sogea."

"Uache utepe hapo mezani, bwana."

"Sogea, nimesema, nisije nikakufanya mteja wako mwenyewe."

Haikuwa mzaha. Orrin aliona kisu cha pai bado kiko mkono wa pili wa Clete, na aliona Clete mwenyewe hajui kwamba kiko. "Mwache apite," alisema.

Emil akasogea. Clete akatoka na utepe chini ya kwapa, na kutoka dirishani wakamwona akiendesha gari mtaa mzima bila kusimama penye ishara ya kusimama.

Wiki zilizofuata waliimba mara mbili tu, na kila mara Clete alifika mwisho na kuondoka kwanza. Hakuutaja utepe. Orrin hakuuliza. Alikuwa amewaambia Lyle na Emil kwamba hatakiandikia chama cha waimbaji barua isiyo na majina manne, nao walikubali, Emil kwa moyo wote, Lyle akiwa kama mtu aliyetega ubavu mmoja kusubiri ngumi. Maudine naye alisimama upande wa mumewe mbele ya wenzake, na chumbani alimwambia ukweli: "Mimi ningeiandika peke yangu."

"Najua ungeiandika."

"Na unaona wewe ndiye mwenye haki?"

"Sijui, Maudine. Sioni haki iko wapi. Naona tu kwamba mmoja hawezi kuimba mahali pa wanne."

Jumamosi ya kurekodi ikafika. Watatu walishuka Cincinnati kwa treni ya asubuhi. Clete alikuwa ametangulia jana yake, wakamkuta mlangoni mwa studio, hajanyoa, macho mekundu. Wakapeana mikono kama watu kwenye msiba.

Chumba cha kurekodia kilikuwa na kuta za vitambaa na kipaza sauti kimoja kirefu katikati. Fundi alikaa nyuma ya kioo. Orrin akapuliza filimbi. Wakaimba wimbo wa kibaraza.

"Vizuri," fundi alisema. "Tena, tafadhali."

Wakaimba tena. Na tena. Mara ya sita Emil akavua koti. Mara ya tisa jasho la Lyle lilikuwa linadondoka kutoka kwenye ncha ya pua. Kila mmoja alikuwa mahali pake; Orrin alisikiliza kama anavyosikiliza saa, akitafuta jino lililolika, asilione. Lakini ile sauti ya tano haikuja. Waliita, haikuja. Zilikuwa sauti nne za wanaume wanne waliosimama karibu.

Baada ya mara ya kumi na moja fundi akatoka nyuma ya kioo chake. Alikuwa kijana mpole na ilionekana anaona haya.

"Mabwana, sina kosa la kuwaonyesha," alisema. "Kila mtu yuko sawa. Ila mimi niliwasikia fainali redioni, na nilikuwa nangoja kile kitu. Mnaelewa ninachosema?"

Wote walielewa. Clete akasema, "Nipeni dakika tano," akatoka kwenye korido.

Dakika tano zikapita, kisha kumi. Orrin akamfuata. Akamkuta amesimama mbele ya simu ya ukutani, na juu ya simu, kwenye kibao cha kuwekea vitabu, gurudumu la utepe.

"Nilikuja jana niutupe mtoni," Clete alisema bila kugeuka. "Nilikwenda kwenye daraja. Nimevuka mpaka Kentucky, ng'ambo ya pili, nikarudi, nikavuka tena. Mara nne. Watu walidhani nataka kujirusha." Akajifuta uso kwa kiganja kizima. "Nakuchukia, Orrin. Nataka ulijue hilo."

"Sawa."

"Sawa, anasema! Hata kugombana hujui." Akainua mkono wa simu, akamwambia opereta ampatie Wichita, Kansas, nyumbani kwa Roscoe Dill.

Simu ililia mbali sana, mara nyingi, Orrin akajikuta anaomba mtu asiipokee. Ikapokelewa. Clete akajitaja. Akaeleza jambo lote kwa sentensi fupi, bila mapambo hata moja, akavuta ukosi wa Orrin mpaka masikio yao wawili yakawa kwenye kipokezi kimoja.

Upande wa pili Roscoe akasema, "Mke wangu alipata tatu hamsini na mbili. Alikuwa amekaa safu ya pili, saa mkononi."

Clete akafumba macho. "Ulijua? Wiki zote hizi?"

"Nilijua tangu mnashuka jukwaani."

"Mbona hukusema, mtu wewe?"

"Ningesemaje? Mshindwa akija analilia saa, nani atamsikiliza? Nikamwambia mke wangu, watu wanaoimba vile wana masikio, watajisikia wenyewe." Akapumua. "Ila nitakwambia kweli, Hoffer. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa nanyi."

Clete akatundika simu. Akabaki ameegemea ukuta. Kisha akachukua utepe, akamkabidhi Orrin, na wakarudi ndani.

Walisaini barua pale pale, kwenye karatasi ya studio, majina manne. Halafu Emil akasema madhali wamekuja na nauli wamelipa, waimbe. Orrin akapuliza filimbi. Sitaki kusema waliimba vizuri kuliko siku ya ubingwa, kwa sababu hawakuimba hivyo. Sauti zilikuwa zimechoka, na ya Clete ilikuwa na mkwaruzo. Lakini kwenye ubeti wa pili, pale Lyle anapopanda na baritoni inashuka kumpisha, ile ya tano ikaingia chumbani, na fundi nyuma ya kioo akaweka kiganja mdomoni.

Wakubwa wa chama walichukua wiki sita. Walisikiliza utepe, wakamhoji mshika saa, wakauhamishia ubingwa Wichita. Kibao cha mji kilikuwa kimekwisha simikwa. Wakaking'oa Jumatatu moja asubuhi, na madereva wa treni waliopita walipiga honi, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Kuna watu wa Harlow Junction ambao hawakuingia tena kwenye duka la Orrin mpaka anastaafu. Kampuni ya Cincinnati ilighairi mkataba, kisha mwaka uliofuata ikabadili mawazo ikatoa santuri chache, kwenye jalada imeandikwa Mabehewa Manne na basi. Inasemekana nyingi zilinunuliwa Kansas.

Oktoba ile waliendesha gari la Clete mpaka Wichita, siku mbili, kwenda kukabidhi kombe kwa mikono yao. Clete ndiye aliyetoa hotuba, akaitoa vizuri, ukumbi ukasimama. Kwenye safari ya kurudi, Lyle na Emil wamelala kiti cha nyuma, walivuka Missouri yote. Karibu na mpaka wa Illinois Clete akasema, macho barabarani, "Bado sijakusamehe."

"Najua."

"Huenda isitokee."

"Najua, Clete."

Maili kadhaa zikapita. Clete akapunguza mwendo mbele ya mgahawa mmoja wa barabarani, akazima injini. "Unakula nini?" akauliza. "Na usiangalie saa."